Neno Nililomwandikia Kinyaa

Kinyaa alikufa Jumanne, na mimi nilipata habari Alhamisi, nikiwa kwenye kibanda cha fotokopi pale Lodwar ninapofanya kazi tangu nimalize Kidato cha Nne. Nilikuwa nimeshika cheti cha kuzaliwa cha mteja aliyenihimiza kwa kugonga kaunta na ufunguo wa pikipiki. Shangazi alipiga simu kutoka Kakuma. Hakusalimia. "Yule Mkongo wako wa sinema amekufa," alisema. "Ni kifua. Bibi yake anakutafuta." Cheti kiliingia mashineni kikatoka kimejikunja pembe moja ndani ya plastiki, mteja akalalamika, nikampa fotokopi mbili za bure ili anyamaze. Kifo chenyewe kilikuwa bado hakijaniingia. Kilichokuwa kimeniingia ni lile neno, anakutafuta. Kuna jambo kati yangu na marehemu ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Katika daftari langu la mwaka ule limeandikwa nusu ukurasa, na baada ya hapo kurasa tisa ni nyeupe, na mimi si mtu wa kuacha kurasa nyeupe.

Ijumaa nilikuwa Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Mama Bahati, mkewe, alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba mbili, amezungukwa na wanawake wa Kikongo na wa Kirundi waliokuwa wakiimba polepole kama watu wanaobeba kitu kizito. Alinishika mkono hakuuachia. "Munafunzi," aliniita, kama mumewe alivyoniita. "Tunamuzika Jumapili. Kisha batu banataka kuona filamu zake, zote, kule kwenye ukumbi wa mujini, si huku ndani ya kambi. Kule njo alianzia. Lakini wazee ba kwenu balimukataza, na mwenye ukumbi anaogopa. Mimi nikienda, ni mugeni anayeomba. Weye ni mutoto wa hapa. Wende ubaombe." Nikamwambia nitaenda kesho asubuhi. Akanishukuru mbele ya wale wanawake wote, na mimi, niliyekuwa sababu ya kukatazwa kwake, nikapokea shukrani na chai.

Ili ieleweke kwa nini sikulala vizuri, sina budi kueleza mwaka wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Kidato cha Pili, shule ya kutwa, nikikaa kwa shangazi. Sitaeleza kwa nini nilikaa kwake, ni habari ndefu na haina tofauti na za wengine. Shangazi alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara, meza nne, pazia la maua kati ya meza na jikoni, na nyuma yake uwanja mdogo ambapo mbuzi walichinjwa asubuhi na matumbo kuoshwa kwenye karai. Mimi nilikaa nyuma ya lile pazia. Huko ndiko nilikojua dunia: kwa kusikiliza. Nilijua dereva yupi amekosana na tanboi wake, karani yupi wa ofisi anakula madondo kwa ahadi. Sikujua kuongea. Si kwamba nilikuwa na kigugumizi. Maneno yalikuwa yanafika mlangoni yanapanga foleni, halafu mimi nafunga duka.

Muhula wa kwanza wa mwaka ule uliniharibia zaidi. Niliitwa ubaoni kufanya hesabu, nikasimama nimewapa darasa mgongo, nikaikokotoa mpaka mwisho na jibu likawa sawa, na nilipogeuka wavulana walikuwa wameziba midomo. Sketi yangu ilikuwa na damu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Tomato. Hata waliokuwa na huruma waliniita Tomato, kwa sauti ya huruma. Mwalimu mmoja wa kike alinipa leso na kuniambia mambo ya mwili ni siri ya mwanamke, nijifunze kuitunza. Alikuwa na nia njema, na ndiye aliyenimaliza, maana nilitoka pale nikiamini mwili wangu ni siri iliyovuja na haiwezi kurudishwa ndani. Niliandika hivyo daftarini. Nilisugua sketi ile kwa chumvi mpaka rangi yake ya buluu ikawa ya majivu.

Ndipo nikaona filamu ya kwanza ya Kinyaa. Ilikuwa Jumamosi saa tisa, jua linachoma mabati, na shangazi alikuwa amenituma ukumbini kudai thermosi yake. Ukumbi ule ulikuwa wa kuonyesha mpira wa Ulaya, na katikati ya wiki sinema za kupigana. Siku hiyo kulikuwa na filamu iliyotengenezwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mpasuko wenyewe ulikuwa unaonekana, mstari mwembamba unaokata anga ya Kakuma kutoka juu hadi chini katika kila picha. Iliitwa *Jino la Mama Mkwe*. Mama mkwe analetewa fufu na sombe nyumbani kwa mkwewe mpya, jino lake la dhahabu linadondoka ndani ya bakuli, na kijana, kwa adabu, kwa kuwa hawezi kumwambia mkwewe kwamba jino limedondoka, analimeza. Basi ukoo mzima unahamia nje ya choo cha kijana yule kulisubiri jino. Siku tatu. Wanaleta viti. Wanaleta mchungaji. Kwaya inaimba mbele ya mlango wa bati, kijana analia ndani kwamba hawezi kujisaidia kukiwa na watu, na mama mkwe anamtia moyo kwa pengo lake: "Sukuma, mwanangu, wewe ni mwanaume!" Na jino likitoka, linaoshwa mara moja tu, kwa maji kidogo kwa sababu maji ni ya foleni, na mama analirudisha mdomoni, anatabasamu, na filamu inaisha kwenye lile tabasamu linalokaa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watu wawili walitoka nje kutapika, kwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, kwa sababu kwenye ile filamu kila mtu alikuwa anavuja, na hakuna aliyekufa kwa kuvuja. Bibi harusi alivuja, mchungaji alivuja, na mvujaji mkubwa kuliko wote alikuwa ndiye anayependwa. Nilirudi bila thermosi.

Nilifuata zote. Ilikuwepo *Kiroboto wa Mchungaji*. Ilikuwepo *Foleni*, ambayo kwangu ndiyo bora: watu wamepanga mstari wa chakula, mmoja anajamba, na mstari mzima unaanza kulaumiana, Msomali anamlaumu Msudani kwa Kisomali, Msudani anamlaumu Mrundi kwa Kiarabu cha Juba, Mrundi anamlaumu Mturkana aliyekuja kuuza kuni, mpaka mstari unavunjika kuwa vita vya masufuria, na mlinzi anapopiga filimbi, ndiye anayejamba. Watu wa kanisa waliziita filamu za shetani. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliziita uchafu usio na maudhui. Mimi nasema maudhui yalikuwepo, ila hayakuwa yamevaa suruali. Rangi zilikuwa mbaya, sauti ilikuwa ya upepo, damu ilikuwa nyanya ya mkebe na matapishi yalikuwa uji wenye kunde, na bado najua sura ya kila mtu aliyekuwa ndani yake kuliko ninavyojua za darasa langu.

Mtu mwenyewe alikuwa mnywaji chai wa hoteli yetu, na sikujua. Nilimjua kama fundi wa simu, mtu mfupi, mpole, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, anayesafisha kijiko kwa leso kabla ya kukitumia. Siku moja nilisikia nyuma ya pazia deejay wa ukumbini, yule anayetafsiri sinema kwa maiki, akimtania: "Kinyaa, wewe unaogopa kijiko cha mama, na juzi umemezesha mtu jino?"

"Jino ile ilikuwa ya mahindi," akajibu. "Hii kijiko iko ya kweli."

Nilitoka na sufuria mkononi kumtazama. Aliniona nikimtazama. Sikuweza kusema kitu, nikarudi jikoni, nikararua karatasi, nikaandika: *Foleni ni nzuri kuliko filamu zote nilizoona.* Nikaiweka chini ya sahani yake ya chapati. Alisoma, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kesho yake aliniita, "Munafunzi, maandishi yako iko kama ya mashini. Njoo uniandikie vyeo." Alimaanisha yale maneno yanayotokea kwenye filamu, hakuwa na kompyuta ya kuyaweka, alikuwa anapiga picha karatasi. Basi kuanzia hapo nikawa mwandishi wa karatasi za Kinyaa. Alikuwa anasema, mimi naandika kwa kalamu nene, na mazungumzo yetu yote yakawa hivyo: yeye kwa mdomo, mimi kwa karatasi.

Niliwahi kumwandikia: *Kwa nini kinyaa?* Alifikiri sana, akichokoa simu ya mtu kwa kibanio. "Tangu tufike hapa," akasema, "batu ya kamera banakuja. Banakaa, banauliza, mukononi iko leso tayari. Banapenda nilie. Na mimi nililia, mara ya kwanza, mara ya pili, nililia muzuri sana. Hakuna hata moja alishaniomba nijambe." Shangazi alimfokea kutoka jikoni: "Na hii ni hoteli, Papa Bahati, watu wanakula!" Akainamisha kichwa, "Pardon, mama." Lakini aliponigeukia macho yake hayakuwa na mzaha. "Mutu anayelia tu," akasema, "haiko mutu muzima."

Nafika sasa kwenye ile nusu ukurasa.

Kulikuwa na harusi ya Kiturkana ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga usio na maji, mwezi wa nane. Kinyaa alipita huko akitoka kurekebisha redio, akaona watu wamepakwa kitu cha kijani vifuani na mabegani, wanafurahi, wanaimba. Alikuja hotelini moja kwa moja. "Munafunzi, bale batu banajipaka nini?"

Mturkana yeyote anayesoma hapa anajua jibu. Ni ngikujit. Mbuzi akichinjwa kwa jambo la heri, zile nyasi zilizo tumboni mwake, alizokula asubuhi na bado hazijaenda popote, hutolewa na wazee wakawapaka watu. Ni baraka. Mtu hupakwa akioa, akianza safari, akipatanishwa na aliyemkosea. Mimi mwenyewe nimepakwa nikiwa mdogo nilipougua. Yote hayo niliyajua. Lakini karatasi ilikuwa ndogo, na yeye alikuwa anasubiri, na katika miezi ile nilikuwa nimegundua kitu ambacho sikuwahi kukionja maishani, nacho ni mtu kucheka kwa sababu ya nilichoandika. Nilitaka tena. Nikaandika maneno matatu: *Mavi ya mbuzi.*

Alicheka mpaka chai ikammwagikia. Alipiga meza. "Banajipaka mavi na banafurahi! Kumbe ba kwenu banajua sinema kunishinda mimi!" Na mimi nyuma ya mkono wangu nilikuwa nacheka, nimefurahi kama nini. Ningeweza kuandika mstari wa pili. Kalamu ilikuwa mkononi.

*Harusi ya Nzi* ilichukua wiki sita. Bwana harusi ni msimamizi wa mgao, tumbo lake ni mto wa kulalia. Anakuja kuoa kwa kiburi, wenyeji wanampaka kile kitu cha kijani usoni, kwapani, hadi matakoni, naye anadhani ni heshima. Nzi wanamjia, bibi harusi anatapika, mbwa wanamfuata wakimlamba. Kile kitu kilitoka kwenye karai letu, nyuma ya hoteli. Shangazi alimpa kwa ndoo bila kuuliza, akidhani anapeleka shambani. Na mimi niliandika karatasi, kwa maandishi yangu ya kama mashine: SASA BWANA HARUSI ANAPAKWA MAVI.

Jumamosi ya kuonyeshwa ukumbi ulijaa, kwa sababu ilisemekana ndani yake kuna harusi ya Kiturkana. Hata Mzee Lomuria alikuja, aliyekuwa akiheshimiwa na watu wa upande wote ule wa laga, na kigoda chake mkononi. Mwanzoni wote walicheka. Kisha karatasi yangu ikatokea, pana, mstari wa kioo kilichopasuka ukiikata katikati, na deejay, ambaye kazi yake ni kutafsiri, akatafsiri kwa Kiturkana. Nilisikia kicheko kikigawanyika. Wakongo na Warundi waliendelea. Upande wetu ukazima. Mzee Lomuria alisimama, akabana kigoda chake kwapani, akatoka, na wengine wakatoka nyuma yake mmoja mmoja bila neno. Kwetu mtu akikupigia kelele bado mnaongea. Kinyaa hakujua hilo. Alinigeukia gizani na kuninong'oneza, "Banaenda kutapika?"

Jumapili baada ya kanisa wazee wanne walikuja hotelini. Waliagiza chai wasiinywe. Kinyaa aliitwa, akaja na shati lake la kifungo cha juu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, karibu kiasi kwamba pumzi yangu ilikuwa inatikisa maua yake.

"Ejok," alisalimia Kinyaa. Hakuna aliyeitikia.

"Wewe ulikuja hapa, tukakaa na wewe," alisema Mzee Lomuria kwa Kiswahili chake. "Tumewahi kukutukana?"

"Apana, muzee."

"Hiyo kitu ulipaka huyo mtu wako matako. Nani alikuambia hiyo ni mavi?"

Nilisikia shangazi akiacha kuosha vikombe. Nilijua kwamba nikitoka sasa hivi, hatua tatu, jambo linaisha: mtoto amekosea neno, mgeni hakujua. Hatua tatu. Mikono yangu ilikuwa ina sabuni. Nakumbuka niliwaza kwamba siwezi kutoka na mikono yenye sabuni.

"Hakuna," alisema Kinyaa. "Ni macho yangu."

"Macho yako ni mjinga," alisema mzee mwingine.

"Ni kweli, muzee. Iko mujinga."

Wakakata shauri: alete mbuzi, apakwe, mambo yatengenezwe. Na wakiwa wanasimama Mzee Lomuria akamwambia, "Hiyo kitu isionekane hapa tena." Kinyaa akasema, "Nimesikia."

Mbuzi alichinjwa Jumanne pale laga. Sikwenda. Jioni, jua bado lipo, alikuja hotelini, hakuketi. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kijani kilichokauka. Wateja walikuwa wawili tu. Alikuja hadi kwenye pazia na kuongea nalo, kama mtu anayeungama anavyoongea na kile kidirisha cha padri. "Munafunzi. Ile kintu inanukia majani." Akaongeza: "Nilikaa pale nasubiri harufu ya mavi. Inanukia majani, kama mvua." Akasubiri. Nilikuwa na kalamu mfukoni na karatasi kila mahali. "Aya," akasema, akaondoka, na hakunywa chai kwetu tena.

Huo ndio mwaka wenyewe. Sehemu yake iliyobaki ni mitihani. Nilijifunza kuzunguka nyuma ya kanisa ili nisipite kibanda chake cha simu, na mwaka uliofuata nilipata nafasi shule ya bweni Lodwar, nikaondoka kama mtu aliyeokolewa. Likizo nikija, deejay aliniambia Kinyaa hatengenezi tena. Akiulizwa, husema, "Nilikatazwa." Ukumbini wakarudi kwenye mpira. Watoto wa mjini walimwita yule wa mavi, naye aliitika. Miaka mitatu alichokoa simu za watu kwa kibanio, shati limefungwa hadi juu.

Jumamosi asubuhi nilimwambia shangazi kila kitu akiwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. "Mimi nilidhani ni huyo deejay," alisema. "Hiyo kijana nimemnyima chai miaka tatu." Akafuta mikono, akafunga hoteli na wateja wakiwa njiani, tukaenda ng'ambo ya laga.

Mzee Lomuria amezeeka ghafla. Jicho moja limekuwa na ukungu. Nilianza kwa Kiswahili, akaniambia niseme lugha ya nyumbani. Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akanitaka nirudie mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu wakeze watatu walikuwa wamesogea kusikiliza. Nilisema ni mimi niliyeandika neno lile. Nilisema mgeni hakujua, alinificha. Nikasema sasa amekufa, na mkewe anaomba kile walichomkataza kiruhusiwe kwa siku moja tu.

Mzee alimtazama shangazi. "Tulimkataza nini?"

"Sinema," alisema shangazi.

"Tulimkataza ile moja. Ile ya kupaka." Alikuwa anakunja uso kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea kwenye kundi. "Yule mtu alipakwa. Nilimpaka mimi, kwa mkono huu. Mtu akishapakwa, maneno yamekwisha, ni kama hayakusemwa. Mimi nilikuwa namngoja. Nilikuwa nauliza watu, mbona yule mfupi haleti tena ile ya jino?" Kisha akanigeukia. "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Lodwar, baba."

"Hukujua mtu akishapakwa maneno yamekwisha?"

"Nilijua."

Na nilijua, kweli. Nilijua kama mtu anavyojua njia ya kwao, bila kuifikiria. Alichokijua Kinyaa ni kwamba ameadhibiwa na watu wanne waliokataa kunywa chai naye, akapakwa kitu mbele ya watu, akaambiwa *kitu* kisionekane tena. Na katika mji mzima wa watu waliojua maana yake, aliyekuwa anaongea naye kila siku alikuwa mmoja, naye alizunguka nyuma ya kanisa.

"Basi aliyebaki ni wewe," alisema mzee. "Yeye tulimaliza naye. Wewe hujapakwa." Akatazama zizi lake, ambalo ukame ulikuwa umelipunguza. "Leo sina mbuzi."

Tulirudi mjini. Shangazi alibaki hotelini. Nilimkuta Mama Bahati nyuma ya nyumba, mbali na waimbaji, sinia la maharagwe ya kesho magotini, akitoa mawe.

"Bamekubali?"

"Wamekubali, mama."

"Mungu asifiwe." Alifunga macho. "Siku moja tu?"

Ningeweza kuishia hapo. Angefurahi, na kesho ukumbi ungejaa, na hakuna ambaye angejua zaidi. Nikachuchumaa mbele yake. Nilimwambia kwa mdomo, bila karatasi, kuhusu neno langu, na kuhusu pazia, na kwamba siku ile ya mbuzi ilikuwa siku ya kusamehewa, na hakuna aliyewahi kumkataza chochote ila filamu moja. Aliendelea kuchambua wakati wote nilipokuwa nikisema. Jiwe lilikuwa likilia kwenye bati kila alipolitupa.

"Basi njo alikaa bure," akasema mwishowe. Hakuwa ananiuliza kwa hasira. Alikuwa anauliza ili ajue. "Ile miaka yote. Alikaa bure."

"Ndiyo, mama. Alikaa bure."

Akafika mwisho wa maharagwe. Alipitisha kiganja juu yake yote, akayasawazisha, akalisukuma sinia likagusa magoti yangu. Hakusema nifanye nini. Nikaketi chini, nikaanza kuchambua yale aliyokwisha kuyachambua.